Wameniambia mwanangu wa miaka mitatu amechelewa

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia hapa mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa kando ya ziwa jijini Mwanza. Mbalamwezi imekuwa kubwa, wavuvi wamepumzika, mzigo hakuna, basi nimepata nafasi ya kutoa lililo moyoni.

Nina miaka 29, tunakaa Kitangiri, biashara yangu ni dagaa. Mume wangu ni dereva wa lori, hupeleka mizigo Kahama na Geita, kwa wiki analala nyumbani siku mbili au tatu. Tuna watoto wawili wa kike. Mkubwa ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Mdogo nitamwita Kabula, ingawa si jina lake. Ametimiza miaka 3 na miezi 8, na yeye ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Jirani yangu ana mtoto wa umri huo huo anayesoma shule ya Kiingereza. Kila jioni anasimama mlangoni kwao anataja rangi na siku za wiki kwa Kiingereza, mama yake anacheka, sisi wengine tunapiga makofi. Kabula wangu anakodoa macho tu. Mwezi uliopita nikaona isiwe tabu, nikampeleka shule hiyo hiyo. Wakamfanyia usaili. Mtoto wa miaka mitatu, Shangazi! Walimkalisha kwenye kiti, wakampa penseli, wakamwambia aandike herufi. Akaishika kwa ngumi kama anayetwanga, akachora mviringo, kisha akamwuliza mwalimu, "Hii ni ya nani? Nikimaliza nakurudishia?" Mwalimu akanigeukia: "Mama, mtoto amechelewa, ila tutajitahidi."

Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Nikakopa kikoba shilingi 150,000, nikalipia fomu na kushika nafasi ya Januari. Bado ada, 450,000 kwa muhula, na basi la shule juu yake. Basi linaanzia kwetu, kwa hiyo linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Mume wangu hajui kama nimelipa. Yeye msimamo wake ni mmoja, kwamba mtoto wa miaka mitatu hana shule. Anataka Kabula aende Sengerema kwa mama yake mpaka afikishe umri wa darasa la awali shule ya Serikali. "Mimi nimeanza la kwanza nina miaka tisa, na lori naendesha," ndivyo anavyosema. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, siwezi kumsingizia. Kabula alikaa kwake mwezi mzima katikati ya mwaka, akarudi amenawiri, anahesabu karanga kwa Kisukuma, na kila mgeni akiingia anamkabili na "Kalagu!" akisubiri aitikiwe "Kize!" ili atege kitendawili. Lakini siku nilipomfuata alijificha nyuma ya bibi yake kama vile mimi ni mgeni. Niliumia. Na sasa mama mkwe amesikia habari za shule, akaniuliza kwenye simu, "Kwa hiyo mimi huku nalea mbuzi?"

Kuna pia mama mmoja mtaa wa pili analea watoto kwa 25,000 kwa mwezi, uji ndani yake. Chumba ni kimoja, watoto ni wengi. Siku moja nilipita nikakuta wanaimba na kucheza vizuri kabisa. Siku nyingine nikakuta wamelala kwenye mkeka, yeye yuko nje anakaanga maandazi ya kuuza.

Kwa sasa Kabula anakuja na mimi mwaloni, anacheza chini ya meza. Siku za mzigo mkubwa namwacha nyumbani na dada yake. Hapo dada mtu anakosa shule, lakini si sana, wakati wa giza, mwezi usipoonekana, ni kama siku moja au mbili kwa wiki.

Shangazi, wewe umekuwa mwalimu. Nimemchelewesha mwanangu? Na hili la mume, nimwambie sasa, au nimalize kulipa kwanza halafu azoee?

Mama wa Dagaa, Kirumba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na mbalamwezi. Wasioishi kwa dagaa hawajui kwamba nyumba nyingi za huku hupika kwa kalenda ya mwezi: giza likiingia taa zinawashwa ziwani na pesa inaonekana, mwezi ukijaa mnahesabu akiba. Nimelisema hili mapema kwa sababu ada ya muhula haina habari na mwezi, na tutalirudia.

Nikikusoma vizuri, una njia nne mbele yako, shule ya Kiingereza, bibi Sengerema, mama wa mtaa wa pili, au kuendelea na Kabula chini ya meza mpaka zamu ya darasa la awali ifike. Juu ya hizo nne umewekewa neno moja, "amechelewa", na nyuma yake ipo siri ya shilingi 150,000. Nianze na neno.

Nimefundisha watoto wadogo tangu enzi tukiita "shule ya vidudu", jina ambalo sikulipenda hata siku moja. Mtoto wa miaka 3 na miezi 8 anayeshika penseli kwa ngumi hajachelewa popote. Mifupa midogo ya kiganja chake bado inakomaa, na itaendelea kukomaa kwa miaka. Mkono unaandaliwa kwa kufinyanga udongo, kumenya karanga, kuchambua mchele, kufunga na kufungua vifuniko. Kama Kabula anakusaidia kutenganisha dagaa na mchanga, hilo ni zoezi bora la mkono kuliko kufuata vidoti kwenye daftari. Mimi katika usaili ule ningeandika kitu kingine kabisa. Ameona kitu si chake, ameuliza mwenyewe ni nani, ameahidi kurudisha. Sentensi mbili kamili kwa mtu mzima asiyemjua, tena bila kulia. Walimu wa darasa la kwanza wanakesha wakitafuta watoto wa namna hiyo.

Sijui kwa nini mwalimu yule alisema vile. Huenda anaamini, huenda ameambiwa awaambie wazazi wote. Lakini ukishamwambia mama kwamba mtoto wake amechelewa, atalipa bila kuuliza. Nawe ulilipa.

Sasa Kiingereza cha mtoto wa jirani. Sikidharau, na najua mzazi wa Mwanza anayeuzia wateja kutoka nje ya nchi anaona lugha ni mtaji. Ila jaribu kitu kimoja. Siku akimaliza kutaja rangi, mwulize kwa Kiswahili leo amecheza nini na nani, na kwa nini yule alilia. Akikusimulia vizuri, hiyo shule inafanya kazi. Akirudia rangi, utajua amekariri wimbo. Mtoto hujenga lugha ya pili juu ya ile anayoielewa, na shirika la UNESCO limekuwa likisema tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya nyumbani. Kalagu na Kize ni msamiati, ni kusubiri zamu, ni kufikiri kitu kisichoonekana. Tukifundisha darasani tunaita "stadi za awali" na tunavaa miwani. Bibi anafanya bure.

Usinielewe kwamba nasema shule haina faida. Ninaamini sana katika elimu ya awali, nimeitolea maisha. Lakini nataka ujue faida hiyo inatoka wapi, maana wengi wanainunua mahali isipouzwa.

Kuna utafiti maarufu uliofanyika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, kati ya 1962 na 1967. Walichukua watoto 123 wa familia maskini, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapata elimu ya awali, jingine halikupata, kisha wakawafuatilia mpaka utu uzima. Walipofika miaka 40, wale waliopitia awali walikuwa wamemaliza sekondari kwa wingi zaidi, wakipata kipato kikubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi mara nyingi kati yao walikuwa wachache kuliko wa kundi la pili. Ajabu ni kwamba alama zao za majaribio ya akili, zilizopanda mwanzoni, zilikuwa zimelingana na za wenzao baada ya miaka michache. Wachambuzi wengi wanaona kilichobaki si alama. Ni tabia ya kupanga jambo na kulimaliza, kukaa na wenzao, kutokata tamaa. Na sehemu inayosahaulika ni hii: masomo yalidumu kwa saa mbili na nusu tu kwa siku, asubuhi, watoto walipanga wenyewe mchezo wao, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kukaa na mama na mtoto. Kila wiki! Michigan si Kitangiri, najua. Lakini shule uliyolipia, je, kuna mtu amekuuliza Kabula anapenda nini?

Huko huko Marekani, jimbo la Tennessee, walipima mpango wao mkubwa wa awali, na matokeo waliyotoa 2022 yakawashtua hata wenyewe. Watoto waliopitia mpango huo, walipofika darasa la sita, walikuwa nyuma kidogo ya wenzao ambao hawakupata nafasi. Watu bado wanabishana sababu. Ninachokichukua mimi ni kwamba kibao cha "awali" getini hakitoshi. Kinachotokea ndani ndicho kinachomlea au kumchosha mtoto.

Ndiyo maana lile basi linanisumbua. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na ule wa mchana. Hesabu mwenyewe. Ili awe getini saa kumi na moja na nusu, unamwamsha saa kumi na moja. Apate saa 10 zote usiku, awe amelala saa moja jioni. Wewe saa moja jioni umesharudi kutoka mwaloni? Na baba yake, siku zile mbili au tatu anazolala nyumbani, atamwona saa ngapi? Uliza kama kuna kituo cha basi kinachochelewa, au wenzako wa mwaloni wanaoweza kushirikiana bajaji. Ukikuta hakuna, hilo nalo ni sehemu ya bei.

Mama wa mtaa wa pili nisingemtupa haraka, wala nisingemkumbatia kwa sababu ya 25,000. Ulichokiona ni siku mbili tofauti. Watoto kulala mchana ni jambo jema kabisa, kinachonitia shaka ni maandazi: mafuta ya moto nje, watoto ndani, mtu mzima mmoja. Nenda bila kutoa taarifa, saa nne asubuhi, ukae nusu saa. Angalia anavyomjibu mtoto anayelia. Angalia choo na maji ya kunawa. Hesabu vichwa. Kwa darasa la awali Serikali inalenga mwalimu mmoja kwa watoto 25, na hao ni wa miaka mitano. Wa miaka mitatu wanataka mikono zaidi. Kisha mwombe cheti cha usajili. Vituo vya kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na ofisa wao utampata halmashauri ya manispaa, kwenu ni Ilemela. Asipokuwa nacho si lazima awe mtu mbaya. Wengi walianza kwa kulea mtoto wa jirani wakajikuta na kumi na tano. Wazazi wawili watatu mkimsaidia afuate utaratibu na apate msaidizi, huenda mkajipatia kituo kizuri hatua chache kutoka nyumbani. Huenda pia akakataa, na jibu hilo litakufaa.

Kuhusu darasa la awali la shule ya msingi ya Serikali, ada haipo tangu Januari 2016, ingawa sare, madaftari na mchango wa uji unavijua. Ni mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza, kwa hiyo Kabula bado yumo ndani ya wakati. Madarasa ya mjini yamejaa, sitakuficha. Mume wako anaposema "tusubiri awali" hasemi ujinga. Swali ni nini kitajaza mwaka huo wa kusubiri.

Yeye anajaza kwa Sengerema. Mwanangu, hili unalijibu kwa moyo ulioumia, na una haki. Lakini mtoto kujificha nyuma ya bibi baada ya mwezi mmoja ni alama kwamba aliweza kujishikiza kwa mtu mwingine, hakukusahau. Hatari ninayoiona ni urefu. Mwezi si sawa na mwaka na nusu. Mtoto wa umri huu anapomkosa mama muda mrefu, kurudi nyumbani kunakuwa kuhama mara ya pili. Tena je, huko Sengerema bibi ana nguvu ya kumkimbiza mtoto siku nzima, na kuna watoto wenzake wa kucheza nao? Kati ya "aende" na "asiende" kuna nafasi kubwa. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, upande ule hauna tena foleni ya kivuko. Bibi anaweza kuja kwenu wakati wa giza, unapozidiwa na mzigo. Kabula anaweza kwenda kwake wiki za mbalamwezi, nawe ukiwa naye siku mbili tatu. Sijui kama atakubali. Ila najua aliposema "nalea mbuzi" hakuwa anapinga shule. Alikuwa anauliza kama kazi yake imeonekana. Unaweza kumjibu hilo hata kabla hujaamua lolote.

Chini ya meza sitapakalia asali. Mwaloni kuna malori yanayorudi nyuma bila kuangalia, kuna ziwa, na kichocho ni mwenyeji wa maji yetu ya kando. Mtoto anajifunza mengi sokoni, hesabu na lugha na watu, lakini macho yako yako kwenye mzani.

Sasa naomba turudi kwenye sentensi moja uliyoipita haraka. "Dada mtu anakosa shule, lakini si sana." Siku moja au mbili kwa wiki, wakati wa giza. Chukua daftari la mkubwa uangalie tarehe zilizorukwa. Yuko darasa la tatu, mahali ambapo kusoma kunageuka kutoka kujifunza herufi na kuwa chombo cha kujifunzia mengine yote. Barua yako nzima inamwuliza Shangazi kama mdogo amechelewa, na huyu anayechelewa kweli hajalalamika. Sikulaumu, nimeona nyumba nyingi ambapo binti mkubwa ndiye chekechea ya familia. Tunapozungumza faida za elimu ya awali tunamtazama mtoto anayepelekwa, tunasahau kwamba mlango ule ukifunguka, kuna msichana wa miaka 9 anaachiwa kwenda shule na mama anayefanya biashara bila kugeuka nyuma kila dakika. Ukiitazama kwa jicho hilo, hesabu yako inabadilika. Hutafuti tena shule itakayomfanya Kabula ataje rangi kwa Kiingereza. Unatafuta mahali salama, asubuhi za mzigo, kwa bei ambayo wiki za mbalamwezi zinaweza kuibeba.

Kwa mume sitakuambia sema au nyamaza. Nitakuuliza tu: unaogopa atakataa shule, au unaogopa atauliza pesa ilitoka wapi? Ni mambo mawili. Ukimaliza ada ndipo aambiwe, yawezekana akazoea. Yawezekana pia akaacha kubishana kuhusu umri wa kuanza shule, akaanza kuhesabu mengine usiyomwambia, nawe deni la kikoba lina siku yake. Ukimwambia sasa, unaweza kupoteza nafasi ya Januari na fedha ya fomu, maana nyingi hazirudishwi. Uliza mapema sehemu ile ya kushika nafasi. Na ukizungumza naye, usianze na shule. Anza na kitu ambacho hawezi kukijua akiwa barabarani, kwamba wakati wa giza binti yake mkubwa anabaki nyumbani. Mtu aliyeanza darasa la kwanza ana miaka tisa anaweza kuwa na la kusema kuhusu miaka aliyoipoteza, hata kama mdomoni anajisifia lori. Mpe nafasi alisimulie. Mwulize pia mama yake alikuwa anamwachia nani alipokwenda shamba.

Giza linarudi karibuni, kwa hiyo una siku chache za utulivu za kuyafanya haya. Niandikie tena uniambie bibi alisemaje, na ulikuta nini saa nne kwa mama wa maandazi. Na daftari la mkubwa, usisahau.

Wako,
Shangazi